Mwongozo wa NIST Ukisomwa Mang'ula: Tunamwogopa Nani Hasa?

Kuna waraka mmoja ambao ukizungumzia kufuta data kwenye kompyuta, mwisho wa siku lazima utakutana nao. Unaitwa NIST 800-88, na umetolewa na taasisi ya viwango ya Marekani. Toleo la kwanza lilitoka 2006, lililorekebishwa likatoka Desemba 2014, na jingine 2025. Ukiuliza mtandaoni ufanyeje kabla ya kuuza laptopu yako, majibu mengi utakayopata ni watoto na wajukuu wa waraka huo, hata kama aliyeyaandika hautaji.

Leo tunauhakiki. Ila hatuusomi tukiwa Washington, tunausoma tukiwa Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, kwenye barabara ya kwenda Ifakara. Swali letu ni moja tu: je, waraka huu unamsaidia mwenye steshenari, mwalimu wa sekondari, karani wa zahanati na fundi wa kompyuta wa pale? Au umeandikwa kwa ajili ya watu wengine kabisa, na sisi tunaukariri kwa heshima tu?

Tuanze na kwa nini jambo hili si la wakubwa peke yao.

Mang'ula inajua habari ya kurithi mashine. Wachina walipojenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975 walikuwa na karakana yao pale, na kutokana na karakana hiyo kikazaliwa kiwanda cha zana na mashine cha Mang'ula. Mashine ya kuchonga chuma ikibadilisha mwenyewe haibebi siri ya mtu. Unaifuta mafuta, unaifunga boliti upya, kazi inaendelea. Kompyuta siyo hivyo. Kompyuta inabadilisha mikono ikiwa imebeba kila ilichowahi kuambiwa.

Sasa fikiria kompyuta ya steshenari. Msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu ukifika, vijana wanajaa. Cheti cha kuzaliwa kinaskaniwa, cheti cha kifo cha mzazi kinaskaniwa, namba ya NIDA inaandikwa, namba ya simu ya mdhamini, picha ya pasipoti, matokeo ya kidato cha sita. Mwingine anatuma vyeti vyake kwa WhatsApp ili achapiwe. Vyote hivyo vinabaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa, mwaka baada ya mwaka. Halafu kompyuta inakuwa nzito, mwenye duka ananunua nyingine, ile ya zamani anamuuzia mtu. Fundi anaambiwa "ipige Windows mpya." Inapigwa. Inaondoka.

Je, imefutwa? Hapana. Hebu tuone kwa nini.

Diski ya kompyuta ifikirie kama ghala la mpunga. Mlangoni kuna daftari: gunia la fulani liko safu ya tatu, la fulani liko pembeni kushoto. Ukifuta faili, hata ukilitoa kwenye debe la taka la Windows, kompyuta haiendi kumwaga gunia. Inafuta mstari kwenye daftari na kuandika kwamba nafasi ile iko wazi. Ukifomati kwa njia ya haraka, unaweka daftari jipya. Magunia yako palepale mpaka siku atakapokuja mtu mwingine na mzigo wake na kuupanga juu yake. Ukipiga Windows mpya, unaleta magunia machache na kuyapanga upande mmoja wa ghala, na sehemu kubwa iliyobaki haijaguswa. Zipo programu za bure, kwa mfano PhotoRec, ambazo kazi yake ni kuingia ghalani bila kuangalia daftari na kukagua gunia moja moja. Si lazima uwe mtaalamu kuzitumia.

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Kati ya 2000 na 2002 watafiti wawili wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 zilizotumika. Diski 129 zilifanya kazi, na ni 12 tu kati yake zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Kwenye nyingine walikuta namba za kadi za benki, barua za watu, taarifa za matibabu. Wenye diski hizo walikuwa na fedha, na wengine walikuwa na idara nzima za teknolojia. Bado walifeli.

Sasa turudi kwenye waraka wetu. Unasema nini?

Unagawa usafishaji katika ngazi tatu, ambazo tutaziita Kufuta, Kusafisha na Kuharibu. Kufuta ni kuandika data nyingine juu ya nafasi yote, ili mtu mwenye programu ya kawaida asipate kitu. Kusafisha ni kutumia njia nzito zaidi, kama amri maalumu iliyomo ndani ya diski yenyewe, ili hata mwenye maabara ashindwe. Kuharibu ni kusaga, kuyeyusha au kuchoma mpaka diski isitumike tena. Ngazi unaichagua kwa kuangalia uzito wa taarifa zilizomo na kifaa kinakwenda kwa nani, siyo kwa bei ya kifaa. Ukimaliza, unahakiki, kisha unaandika kumbukumbu.

Hapa lazima tutoe sifa, maana uhakiki si kuponda tu. Jambo la kwanza zuri la waraka huu ni kuua uganga. Mwaka 1996 Peter Gutmann aliandika makala iliyopendekeza kuandika juu ya diski raundi 35. Raundi hizo zililenga aina mbalimbali za diski za zama zile, ambazo ziliandika data kwa mifumo tofauti. Hakuna diski moja iliyohitaji zote 35, na Gutmann mwenyewe baadaye alilalamika kwamba watu wameigeuza mbinu yake kuwa kama mazingaombwe. Toleo la 2014 likasema wazi: kwa diski ya sumaku, ngazi ya Kufuta inatimia kwa raundi moja tu, hata ya sifuri tupu.

Fanya hesabu uone maana yake. Diski ya GB 500 inayoandika MB 100 kwa sekunde inahitaji sekunde 5,000, yaani kama saa moja na dakika 23. Raundi moja, umemaliza. Raundi 35 ni zaidi ya saa 48, siku mbili mchana na usiku bila umeme kukatika. Nani Mang'ula ataacha mashine ya mteja iwake siku mbili? Matokeo yake mtu anayeambiwa kwamba bila raundi 35 hujafanya kitu, hafanyi hata moja. Ushauri mkali kupita kiasi unazaa uzembe, na watu wa usalama wa kompyuta wanalisahau sana hili.

Jambo la pili zuri ni kudai uhakiki. Ushahidi mzuri unatoka Brighton, Uingereza. Mwaka 2010 diski kama 1,000 za hospitali zilipangiwa kuharibiwa, ngazi ya juu kabisa ile. Mtu aliyepewa kazi hiyo hakuziharibu zote. Zaidi ya 200 ziliishia kuuzwa kwenye mnada wa mtandaoni, zikiwa na taarifa za wagonjwa, wakiwemo wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mwaka 2012 hospitali ikapigwa faini ya pauni 325,000. Unaona? Kwenye karatasi walichagua Kuharibu. Kwa vitendo hawakuwa na chochote, kwa sababu hakuna aliyesimama kuhesabu. Raundi moja ya sifuri iliyohakikiwa ingewalinda kuliko nyundo ambayo haikuinuliwa.

Sifa zinaishia hapo. Sasa tuseme yanayotukera.

Kwanza, waraka huu una adui asiyefanana na wa kwetu. Ukiusoma unaona nyuma ya sentensi zake mtu mwenye maabara, mwenye fedha, anayetafuta siri za taasisi. Kwa Marekani sawa, wapo. Ila Mang'ula adui wa kweli ni jirani mwenye udadisi. Garfinkel na Shelat walipofungua zile diski walikuta majina ya watu wasiowajua na ambao hawangekutana nao maisha yao yote. Mnunuzi wa kompyuta Mang'ula akifungua, anamkuta binti wa mwalimu wake. Anamkuta shemeji yake. Hahitaji hata jina: akisoma "mwanamke, miaka 34, ana mapacha, anaishi karibu na stesheni," tayari ameshajua ni nani.

Hili lina uzito wa pekee kwa bonde la Kilombero, kwa sababu ni moja ya sehemu zilizofanyiwa utafiti mwingi wa afya nchini. Kituo kilichokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara kina mizizi tangu 1949, na tangu 1996 kuna mfumo unaofuatilia kaya za Kilombero na Ulanga: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama. Takwimu za namna hiyo zimeisaidia dunia kuelewa malaria na vyandarua. Na wananchi walikubali kuulizwa maswali hayo magumu kwa kuamini kwamba majibu hayatarudi mtaani. Imani hiyo inaweza kuvunjwa na laptopu moja tu ya mwanafunzi wa shahada ya uzamili, yoyote ile, aliyemaliza kazi ya uwandani akauza mashine yake apate nauli. Na hili tunalisema kwa wanafunzi wenzetu kabla ya kulisema kwa mtu mwingine yeyote.

Wala siyo majina ya watu tu. Mang'ula ndipo yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992, na watafiti wa wanyama wanapita hapo kila mwaka. Jedwali linaloonyesha kamera za kutegea ziko wapi na tembo wamepita wapi saa ngapi halina jina la binadamu hata mmoja. Likiangukia mikononi mwa jangili ni ramani.

Pili, waraka unadhani kompyuta ina mwenyewe mmoja na maisha mafupi. Unazungumzia taasisi yenye orodha ya vifaa, ofisa anayesaini, na siku maalumu ya kuviondoa. Kwetu kompyuta haifi, inahama. Inaanza ofisini Dar au Ulaya, inakwenda shule kama msaada, inatoka shule inakwenda kwa fundi, kwa fundi inagawanywa: kioo huku, RAM kule, diski kwenye mashine ya tatu. Hiyo siyo dhambi. Diski ya GB 500 inayompa kijana kompyuta ya kwanza ni jambo jema kuliko diski iliyotobolewa na misumari kwa hofu. Waraka wenyewe unaruhusu kutumia tena baada ya Kufuta au Kusafisha, ila ushauri uliozaliwa kutokana nao, ule unaosambaa mtandaoni, unakimbilia nyundo. Kwa nchi maskini nyundo ni anasa.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Toleo la 2014 lilikuwa na majedwali mwishoni yaliyokuambia: una diski ya sumaku, fanya hivi, una flashi, fanya hivi, una mashine ya fotokopi, fanya hivi. Yalikuwa magumu, kwa Kiingereza kizito, lakini yalikuwa bure. Toleo la 2025 limeyaondoa. Linajikita kwenye jinsi taasisi inavyotakiwa kuendesha mpango wake wa usafishaji, na kwa mbinu zenyewe linakuelekeza kwenye viwango vingine, hasa IEEE 2883, ambacho kinauzwa. Tunaelewa sababu: teknolojia inabadilika upesi na majedwali yanachakaa. Ila matokeo kwa fundi wa Mang'ula ni kwamba mlango uliokuwa umefunguliwa nusu umefungwa. Meneja amebaki na waraka. Mwenye bisibisi amebaki na tetesi.

Utasema, si tuna sheria yetu? Tunayo, na ni nzuri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za watu zilindwe na zisitunzwe kupita muda unaohitajika, na taarifa za afya inaziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Ipo pia Tume ya kuisimamia. Lakini kazi ya sheria ni kukuambia wajibu wako. Haikuambii ubonyeze nini. Kati ya wajibu na kitufe kuna pengo, na kwenye pengo hilo ndipo kompyuta ya steshenari inapouzwa. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, uliobandikwa ukutani kwa kila fundi, ungefanya kazi kubwa kuliko kurasa zote za 800-88.

Basi tusiishie kulalamika. Ukurasa huo, kwa maoni yetu, ungesema hivi.

Jua kwanza diski yako ni ya aina gani. Ile ya zamani inayozunguka, ambayo ukiweka sikio unaisikia, ni diski ya sumaku. Hiyo iandikie sifuri raundi moja, nafasi yote. Kwenye Windows, kuanzia Vista, ukifomati huku umeondoa alama ya njia ya haraka, Windows inaandika sifuri diski nzima. Kama ni diski yenye Windows yenyewe, ichomoe uiunganishe kwenye mashine nyingine, au tumia ShredOS, programu ya bure inayowaka kutoka kwenye flashi.

Diski ya SSD ni habari nyingine. Ghala lake lina mtunza ghala mwenye akili zake. Ukimwambia weka mzigo mpya juu ya gunia la safu ya tatu, anauweka safu ya tisa, anabadilisha daftari, na gunia la zamani linabaki mpaka atakapojisikia kulimwaga. Tena ana chumba cha akiba ambacho wewe hukioni. Ndiyo maana kuandika sifuri hakukupi uhakika. Kuna amri ya kumwambia mtunza ghala amwage kila kitu, lakini mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walijaribu SSD 12: nane zilidai zina amri hiyo, nne tu zilithibitika kuitekeleza sawasawa, na moja ilisema imemaliza wakati data yote ipo. Diski za leo ni bora kuliko zile, ila somo ni lilelile: usiamini neno la diski, hakiki.

Dawa nzuri zaidi ya SSD ni kuifunga mapema. Siku unaponunua kompyuta, kabla hujaweka cheti cha mtu, washa usimbaji wa diski nzima, BitLocker au LUKS. Kila gunia linaingia likiwa limefungwa kwa ufunguo. Siku ya kuuza unaharibu ufunguo pamoja na nakala zake zote, ikiwemo ile uliyoiandika kwenye karatasi au kuihifadhi kwenye akaunti yako. Sekunde chache, diski nzima inakuwa makelele matupu, na bado inafaa kutumika. Waraka wa NIST unaitambua njia hii. Tungependa ungeiweka mbele ya zote, kwa sababu haitegemei umeme wa siku mbili wala uaminifu wa fundi.

Diski ikiwa mbovu na haisomeki, hapo ndipo nyundo ina haki yake. Ya sumaku, vunja sahani zake. Ya SSD, hakikisha kila chipu imevunjika, siyo kasha tu. Fanya mbele ya macho yako.

Usisahau mashine ya fotokopi. Zile kubwa za kidijitali, nyingi zikija mtumba, zina diski ndani inayoweza kubaki na picha za kurasa zilizopita. Mwaka 2010 kituo cha televisheni cha CBS, Marekani, kilinunua fotokopi nne za mtumba kikakuta, pamoja na mengine, kumbukumbu za wagonjwa wa kampuni ya bima ya afya. Mwaka 2013 kampuni hiyo ililipa zaidi ya dola milioni 1.2. Mwenye steshenari, ukinunua mashine hiyo, umenunua na siri za wenye nayo kabla yako. Ukiiuza, unauza za wateja wako.

Mwisho, hakiki. Ukimaliza kufuta, endesha PhotoRec kwenye diski hiyohiyo. Ikirudisha hata cheti kimoja, hujamaliza. Kisha andika kwenye daftari: tarehe, namba ya diski, njia uliyotumia, aliyehakiki. Dakika tano. Diski za Brighton zilikosa dakika tano hizo.

Kwa hiyo hukumu yetu kwa 800-88? Pakua toleo la 2014, litunze, lisome kwa ajili ya majedwali yake. Lisome la 2025 kama wewe ni meneja au unaandika sera ya chuo chako. Ila usichukue hofu zake jumla jumla. Hofu yetu sisi ni jirani mwenye programu ya bure na muda wa kutosha jioni. Huyo anashindwa na raundi moja ya sifuri, au ufunguo mmoja ulioharibiwa. Kumshinda ni rahisi mno, na ndiyo maana kutomshinda hakuna udhuru.

Na wewe mteja wa steshenari, usingoje Tume wala fundi. Ukishachapiwa, simama hapohapo kaunta useme: "Naomba lile faili langu ulifute, na kwenye WhatsApp ya duka pia." Ndiyo, tumesema kufuta hivyo si kumwaga gunia. Lakini kwenye kompyuta inayofanya kazi kila siku nafasi iliyo wazi inajazwa na mizigo ya wengine, na faili lisiloonekana haliwezi kufunguliwa na kila anayekaa kwenye kile kiti. Utaonekana msumbufu mara ya kwanza. Mara ya kumi itakuwa ni kawaida ya duka.